Barabara ya Kijijini: Sauti ya Wananchi Huingia Wapi?

Mvua za masika zikisha kunyesha kwa majuma mawili au matatu, jambo lile lile huonekana katika sehemu nyingi za Kenya. Gari la maziwa halifiki kituoni. Majani mabichi ya chai hulala bandani mpaka yakaharibika. Mgonjwa aliyepakiwa kwenye bodaboda huteremshwa penye tope, akabebwa na watu hadi ng'ambo. Ndipo wenyeji hukusanyika kando ya lori lililokwama wakaulizana: Serikali iko wapi? Swali hilo ni la haki kabisa. Lakini limeulizwa mahali ambapo hapana wa kulijibu, na katika mwezi ambao fedha za mwaka huo zilikwisha kugawanywa zamani.

Katiba ya Kenya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilizipa serikali za kaunti 47 kazi ya kutunza barabara za kaunti. Katika Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo, kaunti ziliagizwa pia kuhakikisha kwamba wenyeji wanashiriki katika utawala wa mahali pao. Kifungu cha 201 chasema kwamba mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha watu. Maneno hayo yametangazwa sana na wengi wamekwisha kuyasikia. Wachache ndio wajuao ni siku gani, mbele ya nani, na kwa barua ya namna gani mwananchi aweza kuyatumia mpaka kalvati iliyovunjika ikaondolewa na mpya ikawekwa mahali pake.

KAZI BILA SAUTI

Wananchi kushiriki katika kazi ya barabara si jambo geni. Lililo geni ni kuulizwa. Chini ya utawala wa Kiingereza, sheria ya mwaka 1912 juu ya mamlaka ya wenyeji iliwapa machifu na wazee wa vijiji uwezo wa kuwaita watu wafanye kazi za jumuiya bila malipo, na barabara zilikuwa miongoni mwa kazi hizo. Mwananchi alitoa jembe, jasho na siku zake; hakuulizwa barabara ipite wapi, wala ni nani atakayeitumia zaidi. Harry Thuku na wenzake walipoinua malalamiko yao katika mwaka 1921 na 1922, kazi ya lazima waliyofanyishwa wanawake na wasichana ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowachukiza watu. Wazee wa vijiji vingi wangali wakisimulia habari za kazi hiyo kama walivyosimuliwa na mama zao.

Mabaraza ya wenyeji yaliundwa kuanzia mwaka 1924, lakini mwenyekiti wake alikuwa Mkuu wa Wilaya. Sheria ya mwaka 1950 ikaleta halmashauri za wilaya za Kiafrika zenye uwezo mkubwa kidogo, na wakati wa uhuru mwaka 1963 yakawako mabaraza ya kaunti yaliyochaguliwa na watu. Hata hivyo mabaraza hayo hayakudumu na kazi zake kubwa. Kuanzia Januari 1970 Serikali kuu iliyaondolea elimu ya msingi, afya na barabara. Mtu aliyekuwa na shida ya daraja akalazimika kumtazama mhandisi wa wizara, ambaye hakuchaguliwa na mtu na ambaye angeweza kuhamishwa wakati wo wote.

Katika miaka hiyo, hata hivyo, palitokea jambo moja jema lisilopasa kusahauliwa. Mwaka 1974 ulianza mpango wa barabara za mashambani uliotumia majembe, sururu na mikokoteni badala ya mashine kubwa. Watu wa mahali pale pale waliandikwa kazi, nao wakalipwa. Kilomita karibu 8,000 zilitengenezwa kwa njia hiyo kufikia katikati ya miaka ya 1980. Baada ya barabara kukamilika, mtu mmoja aishiye karibu nayo alipewa kipande cha kilomita moja au mbili akitunze: afyeke majani, azibue kalvati, ajaze mashimo kabla hayajawa makubwa. Alijulikana kwa jina, na kipande chake kilijulikana kuwa ni chake. Fedha za matunzo zilipopungua, vipande vingi vilibaki bila mwenyewe. Katika mambo yote yaliyowahi kujaribiwa juu ya barabara za vijijini, huenda hili ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote, na ndilo lililoachwa upesi.

Tofauti ya siku hizi na zile za 1912 imo katika Katiba yenyewe. Kifungu cha 30 chakataza mtu kulazimishwa kufanya kazi. Kwa hiyo chifu au ofisa ye yote hawezi kuwaamuru watu wachimbe mtaro bila malipo. Watu wakipatana wenyewe kuchimba, hiyo ni hiari yao. Nao wafanyao hivyo si wachache.

BARABARA NI YA NANI?

Hapa ndipo wananchi wengi wapoteapo. Barabara mbili zaweza kukutana sokoni, zote za udongo, zote zenye mashimo, lakini moja ikawa ya kaunti na nyingine ya Serikali kuu. Chini ya sheria ya mwaka 2007 ziliundwa halmashauri tatu za kitaifa: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa barabara za mijini, na KeRRA kwa barabara za vijijini. Katiba ilipozipa kaunti barabara zao baada ya hapo, halmashauri hizo hazikuondoka. Pamekuwa na mabishano marefu kati ya magavana na wabunge juu ya barabara zipi ni za nani, na juu ya fedha zifuatanazo nazo.

Fedha zenyewe si haba. Kila anunuaye petroli au dizeli hulipa ushuru wa kutengeneza barabara, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Ushuru huo ulipandishwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa kila lita. Mwenye bodaboda anayetia lita mbili asubuhi amekwisha kutoa shilingi 50 kwa ajili ya barabara kabla hajampakia abiria wa kwanza. Mwanamke asiye na chombo naye hulipa, maana nauli yake na bei ya unga aununuao dukani zimebeba ushuru ule ule. Kwa hiyo aombaye barabara haombi sadaka.

Kila barabara iliyoandikishwa ina herufi na nambari yake. Kabla ya kuandika malalamiko yo yote, jambo la kwanza ni kwenda kwa msimamizi wa wadi au ofisi ya barabara ya kaunti kuuliza nambari hiyo na mwenye kuitunza. Barua iliyopelekwa kwa gavana juu ya barabara ya KeNHA yaweza kukaa mwaka mzima ikihamishwa kutoka meza hii hadi meza ile, na hakuna karani atakayehesabiwa kuwa amekosa.

MIEZI YA KUSEMA

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Watu wengi hudhani kwamba mashauri juu yake hufanywa Juni, bajeti inaposomwa. La. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imepanga safari ndefu zaidi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, yaani miezi 10 kabla ya shilingi ya kwanza kutumika. Kufikia mwisho wa Februari hupelekwa waraka unaosema kila idara itapata kiasi gani: afya kadhaa, kilimo kadhaa, barabara kadhaa. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio yenyewe huwekwa mezani.

Chukua mfano wa barabara ya kilomita 6 kutoka kituo cha maziwa hadi sokoni, iliyokatwa na kijito. Wenyeji wakiitaja kwenye mkutano wa Julai au Agosti, mpango wa mwaka unapotayarishwa, yaweza kuandikwa. Wakiitaja Februari, shindano lao ni kubwa zaidi, kwa kuwa sasa wanataka kuiingiza katika orodha iliyokwisha andikwa. Wakiitaja Mei, lori likiwa limekwama, mjumbe wao wa wadi aweza tu kuahidi. Wala si lazima awe anadanganya. Hana fungu la fedha la kuigusa barabara hiyo.

Juu ya mipango ya kila mwaka pako mpango mkubwa wa kaunti wa miaka mitano, nao ndio mzizi wa mingine. Barabara isiyotajwa humo hupata taabu kuingia katika mpango wa mwaka.

Mikutano yenyewe ina kasoro, na ni afadhali zisemwe. Tangazo hutiwa katika gazeti la Kiingereza lisilofika kijijini, au hubandikwa mlangoni pa ofisi siku mbili kabla. Mkutano huwekwa saa nne asubuhi, wakati wanawake wanaobeba mizigo kwenye barabara hiyo wako shambani au sokoni. Kitabu cha makadirio huletwa kikiwa na kurasa mia kadhaa za Kiingereza cha wahasibu, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba chakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Watu hutia sahihi karatasi ya mahudhurio, wakanywa soda, wakarudi makwao. Mahudhurio ya namna hiyo si kushiriki. Mahakama Kuu ilionyesha hivyo mwaka 2014 ilipoibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakupewa nafasi ya kutosha ya kusema. Shauri lile lilihusu ada na kodi, lakini kanuni yake yafika hata kwenye barabara.

MFANO WA MAKUENI

Kaunti ya Makueni, iliyo katika nchi kavu ya Ukambani, imetajwa mara nyingi katika habari hizi, nayo yastahili. Chini ya Profesa Kivutha Kibwana, aliyekuwa gavana tangu 2013 hadi 2022, kaunti ile ilipanga mashauri yaanzie chini kabisa. Kijiji hukutana kikachagua mahitaji yake na watu wa kuyapeleka. Hao hukutana na wa vijiji vya jirani, kisha hupanda hadi wadi, kaunti ndogo, na hatimaye kaunti yenyewe. Anayesimama juu kusema habari za daraja ametumwa na watu ambao watamwuliza akirudi.

Jambo la pili ndilo lenye nguvu zaidi. Kila kazi ilipewa kamati ya wenyeji, waliochaguliwa na majirani zao mahali kazi inapofanywa. Kamati ile iliitazama kazi tangu mwanzo, na mkandarasi hakulipwa mpaka wanakamati wametia sahihi kwamba kazi imekamilika ipasavyo. Mkandarasi ajuaye kwamba malipo yake yatapitia kwa mama auzaye ndizi kando ya barabara humsalimu kwa adabu, na hushindilia changarawe yake vizuri. Kasoro nazo hazikosi. Wanakamati hufanya kazi bila mshahara na huchoka. Na mtu asiyejua kusoma michoro aweza kupendezwa na barabara iliyolainishwa juu tu.

Lakini mambo ya kutazama si magumu kama yadhaniwavyo. Kamati idai orodha ya kazi na vipimo kabla greda halijafika. Kama orodha yasema changarawe iwe na unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa, shimo dogo lililochimbwa kwa panga na rula ya mtoto wa shule vitasema kweli. Kama yasema bomba la kalvati liwe la sentimita 60, na lililoletwa ni la 45, hilo huonekana likiwa bado juu ya lori. Kama yasema kalvati nne, hata mtoto aweza kuhesabu hadi nne. Tena hapo hapo iulizwe ni nani walioandikwa kazi. Sheria yatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, nayo matunzo ya barabara ni kazi iwafaayo vikundi vya mahali, kwa kuwa haihitaji mashine ya mamilioni.

ADUI NI MAJI

Mhandisi ye yote akiulizwa ni kitu gani kiuacho barabara ya udongo, hatataja malori kwanza. Atataja maji. Barabara njema ina mgongo: katikati pameinuka, pande zote mbili pameteremka, ili mvua ishuke mtaroni upesi. Mtaro nao una midomo ya kuyatolea maji shambani kila baada ya umbali kidogo, na kalvati za kuyavusha. Mgongo ukibonyea, maji husimama juu ya barabara. Mtaro ukiziba, maji hupanda barabarani yakaifanya kuwa mto. Usiku mmoja wa mvua waweza kuifuta kazi ya mwezi mzima, na greda likija baadaye likakwangua juu bila kuzibua mitaro, limetayarisha tu njia ya maji yajayo.

Hapa hapana budi kusema juu ya makosa ya wenyeji wenyewe. Mtu hupanda mahindi ndani ya mtaro kwa sababu udongo wake una rutuba. Mwingine hujaza mawe na udongo ili gari lake liingie nyumbani, bila kuweka bomba chini. Mwenye duka husukuma takataka kwenye mdomo wa kalvati. Jirani wa upande wa chini huziba mdomo wa mtaro ili maji yasilete makorongo shambani mwake, na kwa kweli ana sababu, maana ni nani apendaye shamba lake lichimbwe na maji ya watu wote? Kesi ya huyu wa mwisho ndiyo ngumu, na haimalizwi kwa kumtoza faini.

Katika Makueni na Kitui wakulima wengine wameigeuza shida hiyo kuwa faida. Maji yatokayo barabarani huongozwa kwa mfereji hadi kwenye matuta ya fanya juu, au kwenye bwawa dogo lililochimbwa shambani. Barabara hubaki kavu, na migomba na miembe hupata maji ambayo yangepotea bondeni. Lakini lazima wenye mashamba wapatane mapema na mhandisi mahali midomo ya mitaro itakapofunguliwa. Mhandisi akikata midomo bila kuuliza, itazibwa usiku. Akiuliza, mwenye shamba ataitunza mwenyewe, kwa kuwa ndiyo bomba lake la maji. Hakuna kipimo bora cha faida ya kuwashirikisha watu kuliko mdomo wa mtaro uliobaki wazi baada ya mvua tatu.

BARUA NA MUHURI

Kijiji kikisha kujua nambari ya barabara, mwenye kuitunza, na mwezi wa kusema, kinachobaki ni maandishi. Neno lililosemwa barazani husahauliwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yampa mwananchi haki ya kupeleka ombi kwa serikali ya kaunti na katika Bunge la Kaunti. Ombi lililo jema ni fupi. Hutaja nambari ya barabara, mahali palipovunjika, mkondo wa maji, idadi ya siku ambazo gari la maziwa au la wagonjwa halikupita katika mvua zilizopita, na kazi inayotakiwa: kalvati, mtaro, changarawe. Hutiwa sahihi na watu wa pande zote mbili za kijito, wanaume kwa wanawake, wala si ukoo mmoja tu au wafuasi wa chama kimoja. Wajumbe wa wadi ni wanasiasa. Barabara inayoombwa na watu waliowapigia kura na wasiowapigia kura ni ngumu kuirukwa.

Kama kazi imekwisha kutangazwa na fedha kutolewa lakini barabara haionekani, iko Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Mtu aweza kuomba mkataba wa barabara ile, orodha ya vipimo, na kiasi kilicholipwa. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na hapana ada ya kulipeleka. Asiyejua kuandika husema kwa mdomo, na ofisa wa habari yampasa kuyaandika maneno yake na kumpa nakala. Jibu litolewe kabla ya siku 21 kupita. Lisipotolewa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Barua iandikwe nakala mbili. Moja ibaki ofisini, na ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, irudi kijijini, ikahifadhiwe na mtu ambaye nyumba yake haivuji.